Feni ya mkanda au feni ya umeme? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi gereji kila wiki, kutoka kwa madereva wa hiace, wapeleka watalii mbugani na watu wenye IST na Vitz za kwendea kazini. Nimefanya ufundi Moshi kabla ya kuhamia Arusha, na kote huko shida ni ileile: gari linachemsha, feni inalaumiwa, na mara nyingi dawa inayotolewa inaliumiza gari kuliko ugonjwa wenyewe. Maswali ya msingi yametangulia, na yale ya nadra yako mwishoni.

## Mambo ya msingi

1. Gari likikimbia linapata upepo lenyewe. Feni ni ya nini?

Feni ni ya wakati ule gari halipati upepo. Ukishafika kilomita 50 au 60 kwa saa, upepo unaopita kwenye grili unatosha kupoza rejeta iliyo safi. Kazi ya feni iko kwenye foleni, kwenye mlima unaopanda kwa gia ya kwanza, unaposimama injini ikiwa inawaka, na unapowasha AC. Shika hili moja, kwa sababu majibu mengi ya chini yanatoka hapa.

2. Feni ya mkanda na feni ya umeme zinatofautiana vipi?

Feni ya mkanda inazungushwa na injini yenyewe. Kwa kawaida imefungwa mbele ya pampu ya maji, na mkanda unaoizungusha pampu ndio unaoizungusha feni. Injini ikienda kasi nayo inakwenda kasi, injini ikitulia nayo inatulia. Katikati yake kuna klachi, ile duara ya alumini yenye mapezi. Ndani mna mafuta mazito ya silikoni, na usoni mwake kuna springi bapa iliyoviringwa, ya metali mbili. Upepo wa moto ukitoka kwenye rejeta na kuipiga springi hiyo, inajikunja na kufungua tundu, mafuta yanasambaa ndani, klachi inakamata na feni inavuta kwa nguvu. Upepo ukipoa, klachi inateleza na feni inazunguka kivivu tu.

Feni ya umeme ina mota yake. Haijali injini inakwenda kasi gani. Inasubiri amri ya swichi ya joto au ya kompyuta ya gari, inayosoma sensa ya maji. Katika magari mengi inawaka maji yakiwa kati ya nyuzi 90 na 100, inazima yakishuka kidogo, kisha inasubiri tena.

3. Nitajuaje gari langu lina ipi?

Fungua boneti, injini ikiwa imezimwa. Feni iliyojitenga na injini, imefungwa kwenye rejeta na ina nyaya, ni ya umeme. Iliyoshikana na injini upande wa mikanda ni ya mkanda.

Kinachoamua ni jinsi injini ilivyokaa. IST, Vitz, Passo, RAV4 na Noah za AZR60 zina injini iliyolala kukingama, mikanda iko ubavuni, kwa hiyo mkanda hauwezi kufika kwenye rejeta iliyo mbele. Hizo ni za umeme. Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, Hilux na hiace nyingi za dizeli zina injini iliyonyooka kufuata urefu wa gari, na ndizo zenye feni ya mkanda. Subaru haifuati mstari huu: injini yake imenyooka, lakini feni zake ni za umeme, na kwa kawaida ni mbili.

4. Basi ipi ni bora?

Kila moja ina mahali pake, na mahali penyewe ni barabara zetu hizi.

Ukikwama kwenye foleni ya Kilombero hapa Arusha saa kumi na moja jioni, feni ya umeme inashinda. Injini imetulia, lakini mota inavuta kwa nguvu zake zote. Feni ya mkanda wakati huo inazunguka polepole kwa sababu injini nayo iko polepole.

Ukipanda mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu, gari limejaa wageni na mizigo, gia ya pili, injini inanguruma, hapo feni ya mkanda inashinda. Injini inazalisha joto jingi, na papo hapo kasi yake ndiyo inayoizungusha feni. Haina rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya kuungua wala waya wa kulegea. Kwa gari la kazi nzito na la porini, mimi nachagua ya mkanda bila kusita. Kwa gari la mjini, ya umeme inatosha sana na inakula nguvu kidogo, kwa sababu muda mwingi imezima.

## Milima, foleni na baridi ya huku

5. Gari langu halikuwahi kuchemsha Dar, huku linachemsha. Kwa nini?

Maji yanachemka mapema zaidi unavyopanda juu. Dar, usawa wa bahari, yanachemka nyuzi 100. Moshi mjini ni kama 97, Arusha, mita 1,400 hivi, ni kama 95, na ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, karibu mita 2,300, ni kama 92. Sasa rudi kwenye jibu la 2: feni ya umeme inaweza kusubiri hadi nyuzi 95 au zaidi ndipo iwake. Kama mfumo hauna presha, maji yanaanza kutokota kabla feni haijaitwa.

Kinachozuia hilo ni mfuniko wa rejeta. Springi yake inashikilia presha ndani, na kwa mfuniko wa kawaida ulioandikwa 0.9 (kipimo cha presha), maji hapa Arusha hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Raba ya mfuniko ikichoka, kinga hiyo yote imeondoka. Nimeona watu wakinunua feni mpya wakati shida ilikuwa mfuniko uliopasuka raba. Kulanti, ile dawa ya rangi inayotiwa kwenye rejeta, nayo inasogeza kiwango cha kuchemka juu zaidi na inazuia kutu, kwa hiyo maji matupu ya bomba ni ya dharura tu.

La pili, hewa ya juu ni nyepesi. Feni ileile, kwa mzunguko uleule, inapitisha hewa pungufu kwenye rejeta. Feni iliyodhoofika ilitosha Dar, mlima wa Marangu unaifichua.

6. Kwenye foleni temperecha inapanda, nikiondoka inashuka. Tatizo ni feni?

Karibu kila mara, ndiyo. Gari linapoa likipata upepo wa mwendo, maana yake rejeta na pampu vinafanya kazi na kinachokosekana ni upepo wa feni. Nenda jibu la 9 kama ni ya mkanda, la 13 kama ni ya umeme.

7. Mimi ni kinyume: mjini liko sawa, nikikimbia barabara ya Mwanga na Same ndiyo linachemsha.

Usiguse feni. Kwa mwendo huo feni haina kazi. Tafuta rejeta iliyoziba ndani, au nje kwa vumbi na wadudu kati ya rejeta na kondensa ya AC, themostati (vali inayoruhusu maji ya moto kwenda kwenye rejeta) isiyofunguka sawasawa, pampu ya maji iliyokwisha mapezi, au hozi ya chini inayonywea ikivutwa. Ukiona mapovu yasiyoisha kwenye rejeta na maji yanapungua bila kuvuja, muone fundi haraka kuhusu gasketi ya silinda hedi.

8. Asubuhi za Julai feni ya Hilux inanguruma kama ndege nikiwasha, halafu inanyamaza. Ni ugonjwa?

Hapana. Usiku mafuta ya silikoni yanatuama ndani ya klachi, ukiwasha yanakuwa yameikamata kwa dakika moja au mbili mpaka yarudi mahali pake. Mngurumo usiokwisha safari nzima, hata gari likiwa la baridi, ndio wa kuuliza: klachi imeganda.

## Feni ya mkanda

9. Klachi ya feni inapimwaje?

Zima injini, toa ufunguo. Gari likiwa la baridi, zungusha feni kwa mkono kama unasukuma gurudumu. Inatakiwa ikupinge kidogo na isimame yenyewe ndani ya mzunguko mmoja hivi. Ikiendelea kuzunguka kama panga boi, klachi imekufa. Kisha washa gari lipate moto kamili, zima, jaribu tena ukiangalia usiungue. Upinzani unatakiwa uwe mkubwa zaidi kuliko wa baridi. Halafu shika ncha ya panga, lisukume mbele na nyuma: likicheza, beringi ya klachi au ya pampu imekwisha.

Tazama pia uchafu. Land Cruiser moja ya watalii ililetwa kwangu ikiwa inachemsha kila inapopanda Ngorongoro. Dereva alishabadilisha themostati na kusafisha rejeta mara mbili. Nilipitisha kidole nyuma ya klachi, kikatoka na tope jeusi linalonata, vumbi lililoshikana na silikoni iliyovuja. Feni ilikuwa inazunguka, kila mtu aliiona inazunguka, ila haikuwa na nguvu ya kuvuta.

Kuna watu wanaopima kwa kuingiza gazeti lililoviringwa au kijiti kwenye feni injini ikiwaka. Nakuomba usifanye hivyo. Panga likivunjika linaruka kama kisu.

10. Fundi anataka kuichomelea klachi au kuifunga kwa bolti iwe dairekti. Nikubali?

Kama umekwama porini na unataka kufika nyumbani, bolti ni msaada wa siku hiyo. Kuchomelea usikubali kamwe.

Feni iliyofungwa dairekti inafuata injini muda wote, hata gari likienda kasi na haihitajiki. Nguvu inayoliwa na feni haipandi sambamba na kasi: mzunguko ukiwa mara mbili, nguvu inayohitajika ni kama mara nane. Mafuta yanakwenda huko. Mzigo huo pia unakaa juu ya beringi ya pampu ya maji na juu ya mkanda, na mapanga yanalazimishwa kasi ambayo klachi ilikuwa inayaepusha nayo. Nimepokea rejeta mpya iliyochanwa duara zima na feni ya namna hiyo. Aliyefunga bolti alikuwa ameokoa bei ya klachi.

11. Mafuta ya klachi yanaweza kuongezwa?

Ndiyo, kama klachi haivuji na beringi yake ni nzima. Ni mafuta maalumu ya silikoni, yanauzwa kwenye vichupa vidogo, na unene wake hutofautiana. Nunua ya unene uliotajwa kwa gari lako. Oili ya injini au ya breki haifai kabisa. Klachi inayovuja, badilisha tu.

12. Kava ya plastiki inayozunguka feni imevunjika, fundi ameitupa. Ina umuhimu?

Mkubwa sana, na hili linanisikitisha kila ninapoliona, kwa sababu ni nusu ya magari yanayoletwa kwangu kwa kuchemsha. Bila kava, feni inavuta hewa iliyo karibu nayo, yaani hewa ya moto ya injini inayozunguka palepale. Kava ndiyo inayoilazimisha hewa ipite kwenye rejeta yote, pembe kwa pembe. Mapanga yakae nusu ndani ya kava, nusu nje. Tafuta hata ya mtumba, na iliyopasuka inashoneka kwa waya. Jibu hili linahusu feni za umeme pia.

## Feni ya umeme

13. Feni haiwaki kabisa. Nianzie wapi?

Anza kwa kisichogharimu. Washa gari, washa AC. Katika magari mengi feni inatakiwa izunguke. Isipozunguka, angalia fyuzi yake, kisha badilishana rilei yake na nyingine ya aina ileile kwenye boksi hilohilo.

Bado? Chomoa soketi ya mota na ulete umeme wa betri moja kwa moja kwa nyaya zenye fyuzi, mikono na nguo vikiwa mbali na mapanga. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima na kosa liko kwenye waya, rilei, au sensa. Ikizunguka kwa uchovu au mpaka uisukume, kaboni zake, zinazopeleka umeme ndani ya mota, zimekwisha. Jaribio jingine: chomoa soketi ya sensa ya joto la maji ukiwa umewasha gari. Katika magari mengi ya kompyuta, feni inawaka yenyewe kwa tahadhari. Ikiwaka, nyaya na mota ni vizima, na wa kupimwa ni sensa au kiwango cha maji.

Usisahau kukagua soketi yenyewe. Vitz moja ilikuwa inachemsha siku nyingine na siku nyingine haichemshi. Soketi ya feni, plastiki nyeupe, ilikuwa imegeuka kahawia na kuyeyuka upande mmoja, pini imelegea. Barabara ya mashimo ikiitikisa inashika, gari likisimama inaachia.

14. Fundi ameipiga feni dairekti, ufunguo ukiwashwa tu inazunguka. Kuna ubaya?

Upo. Mota iliyoundwa ipumzike sasa haipumziki, na kaboni zinaisha mapema. Injini inachelewa kupata joto, na asubuhi za baridi za Arusha ile taa ya bluu ya Passo, inayoonyesha maji bado ni ya baridi, inachelewa kuzima. Injini ya baridi inakunywa mafuta zaidi na inajichakaza.

Ubaya mkubwa ni kwamba dairekti inaficha kosa. Kama sensa ndiyo iliyokufa, kompyuta inaendelea kusoma joto la uongo na kumwaga petroli isivyo. Mbaya zaidi ni anayepiga dairekti na kutoa themostati siku hiyohiyo. Kama ulishafanyiwa, dai themostati yako irudi, kisha fuata jibu la 13.

15. Nimezima gari, feni inaendelea au inawaka yenyewe. Inakula betri?

Baadhi ya magari yameundwa hivyo, feni inapoza maji kwa dakika chache kisha inazima. Isipozima, rilei imeganda. Kwa sababu hii, usiweke mkono kwenye feni ya umeme eti kwa vile gari limezimwa. Chomoa waya wa betri kwanza.

16. Zipo feni mbili, moja imekufa. Naweza kuendelea hivi?

Kwenda gereji tu. Katika magari mengi zinasaidiana, na ukiwasha AC zinahitajika zote.

17. Feni mpya inazunguka vizuri, gari bado linachemsha.

Shika karatasi mbele ya grili. Feni iliyo nyuma ya rejeta inatakiwa iivute karatasi. Ikiisukuma, nyaya zimegeuzwa na feni inapuliza kinyume, inapigana na upepo wa mwendo. Hutokea pia panga likifungwa nyuma mbele: upande wa upepo haubadiliki, lakini nguvu inapungua sana. Vyote viwili vikiwa sawa, rudi jibu la 7 na la 12.

## Kubadilisha aina

18. Nikitoa feni ya mkanda kwenye Land Cruiser nikaweka ya umeme, nitaokoa mafuta?

Kidogo, na chini ya unavyoahidiwa. Klachi nzima inateleza muda mwingi, kwa hiyo haikuwa inakula sana. Na feni ya umeme haizunguki bure: umeme wake unatoka kwenye alternata, na alternata inazungushwa na injini ileile. Nafuu inatokana na kuzima kwake tu.

Feni moja ya gari dogo inavuta ampea 10 hivi. Rejeta ya 1HZ inahitaji feni kubwa mbili, na ampea 30 au 40 zinafika haraka. Jumlisha taa za usiku, friji ya vinywaji vya wageni na chaji za simu na kamera, alternata ya zamani inazidiwa. Utahitaji rilei za kutosha, nyaya nene, fyuzi kwa kila feni, swichi ya joto na kava mpya. Watu wengi wanaweka feni za mtumba zilizotoka gari dogo, wanaziwasha kwa swichi ya mkono kwenye dashibodi, kisha dereva anasahau katikati ya mlima. Kama gari ni la watalii au la mzigo, nunua klachi nzuri. Kwa lori dogo la mjini lisilobeba kitu naweza kukubali.

19. Na kinyume chake, IST niiwekee ya mkanda?

Haiwezekani. Sababu iko jibu la 3.

## Hali zisizo za kawaida

20. Navuka korongo lenye maji. Feni ifanyweje?

Maji yakifika kwenye mapanga, feni ya mkanda inageuka pangaboti: mapanga yanapinda mbele na yanaweza kuchana rejeta. Funga turubai mbele ya grili, ingia polepole bila kupiga resi, na uondoe turubai mara tu ukitoka. Feni ya umeme, zima AC ili isiitwe, kwa maana ikiwaka ndani ya maji mota inakwama na kuungua. Kama injini inachemka, subiri ipoe kabla ya kuingia. Ukishavuka safisha tope kwenye rejeta siku hiyohiyo, likikauka ni kama udongo wa tanuru.

21. Feni imekufa na niko mbali na gereji.

Kwanza jua kama ni feni au mkanda. Mkanda ukikatika, mara nyingi pampu ya maji nayo imesimama na taa ya betri inawaka. Zima hapohapo, usijaribu hata kilomita moja.

Kama pampu inafanya kazi, fungua hita ya ndani mpaka mwisho na feni yake, kwa sababu hita ni rejeta ndogo. Zima AC, isipokuwa kama ndiyo peke yake inayoiwasha feni yako. Safiri usiku au alfajiri, tafuta mwendo wa 60 usiokatika, epuka foleni. Mshale ukianza kupanda, simama. Mishale ya magari ya sasa hutulia katikati hata joto likicheza, kwa hiyo ukiuona umesogea, umeshachelewa. Usifungue mfuniko wa rejeta ya moto, subiri uweze kuishika hozi ya juu kwa mkono.

22. Panga moja limevunjika. Nikate la upande wa pili ili lisawazike?

Usikate. Yaliyobaki yameshapata mshtuko uleule na yanaweza kuwa na nyufa zisizoonekana, na feni isiyo sawa inaua beringi ya pampu. Badilisha feni nzima, kisha tafuta kilichovunja hilo la kwanza: mara nyingi ni kifungio cha injini kilicholegea, injini inaruka na kulipeleka panga kwenye kava.